ELIMU YA MAUMBILE: Mawimbi Yaupimayo Mlima

Mwenye kununua chungu sokoni hukigonga kwanza kwa kidole, akatega sikio. Kikilia vyema hukitwaa; kikilia mfano wa chenye ufa hukiacha. Hakukivunja, lakini sauti imempasha habari. Kwa njia iliyo karibu na hiyo, msomaji mpenzi, wataalamu huyajua yaliyo chini ya milima ya Usambara, mahali asipoweza mtu kufika kwa kuchimba.

Mwenye kuigonga ardhi ni tetemeko. Kila tetemeko, hata la nchi ya mbali, hutoa mawimbi ya namna mbili yapitayo ndani ya mawe. Ya kwanza husukuma na kuvuta mfano wa sauti, nayo ni ya mbio. Ya pili hutikisa upande kwa upande, nayo huja nyuma. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Zagreb, katika kuchunguza tetemeko la nchi yake, aligundua kuwa mawimbi yakifika kina fulani huzidi mbio. Hapo ndipo gamba la ardhi likomapo, na mbio za kilometa 6 hivi kwa sekunde huwa 8.

Basi wimbi la kwanza likipanda kutoka chini na kuuvuka mpaka huo, sehemu yake hugeuka kuwa la namna ya pili, ikachelewa kufika juu. Ikichelewa sekunde nne na nusu hivi, hesabu yatwambia kuwa unene wa gamba ni karibu kilometa 38. Kadhalika, kulinganisha mbio za mawimbi hayo mawili hudokeza kama mawe ni mepesi au ni yale meusi mazito yenye chuma kingi.

Mwaka 1994 hadi 1995 wataalamu wa Marekani na wenzao wa Tanzania waliweka mitambo 20 nchini, mmoja ukiwa Hale, chini ya Usambara. Katika ukanda wa mashariki, ambao milima hii ni sehemu yake, walipata unene wa kilometa 36 hadi 39. Katika nyanda za kati, zenye mawe ya kale zaidi, 37 hadi 42. Nayo mawe ya Lushoto yalipikwa kwa joto ndani kabisa ya gamba, miaka milioni 600 na zaidi iliyopita. Leo mpanda Soni kutoka Mombo huyaona kando ya njia.

Je, faida yake ni nini? Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera liliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Elimu hii haizuii tetemeko, wala haitaji siku yake. Lakini asiyejua unene wa gamba na mbio za mawimbi hukosea mahali tetemeko lilipoanzia; na mahali pakikosewa, mjenzi hajui wapi aimarishe kuta. Kijana aonaye hesabu za darasani kuwa mzigo na akumbuke kwamba juu yake huenda ikasimama salama nyumba ya mamaye.