Mcheza kwao hutunzwa, lakini uwanja uko wapi?

Juzi nilisimama na wanafunzi wangu hapa Mangateen tukitazama matofali yakishushwa katikati ya kiwanja chao cha mpira. Kuna mtu anataka kujenga maduka. Mzazi mmoja akaniambia, "Mwalimu, waache. Mpira haulishi mtu." Nilinyamaza, ila sikukubaliana naye.

Nilimkumbuka Yiech Pur Biel. Alizaliwa Nasir, akakimbia vita mwaka 2005 akiwa bado mtoto, akafika kambi ya Kakuma bila wazazi wake. Mimi pia nilisomea ukimbizini Kenya, najua maana ya kupanga foleni ya mgao na kusubiri. Kambini alicheza mpira tu, kama vijana wengine. Mwaka 2015 Tegla Loroupe, bingwa wa marathoni wa Kenya, alipeleka mchujo wa mbio Kakuma. Wengi hawakuwa hata na viatu. Biel alichaguliwa, akapelekwa Ngong kufanya mazoezi. Mwaka 2016 akawa mmoja wa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Watano kati yao walitoka Sudan Kusini.

Katika mita 800 alitumia dakika 1 na sekunde 54.67, akamaliza wa mwisho katika kundi lake. Kwa hesabu ya medali, hakuambulia kitu. Lakini mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mkimbizi wa kwanza kupata nafasi hiyo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Biel hakucheza kwao. Alikimbia chini ya bendera ya Olimpiki, huku Guor Mading Maker akiibeba bendera yetu, iliyoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huo huo. Ugenini Biel alipata mchujo na kocha. Je, sisi tuliorudi nyumbani tuwanyime watoto wetu hata kiwanja?

Sipingi biashara, maana ndiyo inayotulisha. Ndugu zangu mnaopitisha mizigo Elegu na Nimule, katika gari zima haikosekani nafasi ya mpira mmoja wa shule ya mtaani kwenu. Nanyi wazee wetu, maduka yakae kando ya barabara, kiwanja kibaki cha watoto. Tuamue sasa, kabla msingi haujachimbwa.