Haya Si Maradhi

Jumapili iliyopita jirani yangu aliniomba nimsindikize kanisani, hapa mjini Eldoret, katika ibada ya kuwaombea vijana wanaojiandaa kuingia vyuo vikuu, nami nikaenda kwa moyo mkunjufu, kwani anayemtakia kijana heri anastahili kuitikiwa amina na kila mtu. Lakini mhubiri, alipokwisha kuwaombea afya, karo na salama ya njiani, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kulikemea alichokiita pepo la haya, akisema kwamba mtoto mwenye haya hadumu chuo kikuu, na kwamba wazazi wenye watoto wa namna hiyo wawatoe mbele wafunguliwe. Binti mmoja mwenye sweta ya kijivu alidukuliwa kiwiko na mamake mpaka akasimama, akatembea hadi madhabahuni huku akitazama viatu vyake, na pale, mbele ya umati wote, akawekwa mkono mzito kichwani. Sijapata kuona dhuluma ikitendwa kwa nia njema kiasi kile.

Nauliza, ni lini haya ilipogeuka pepo? Katika lugha hii tunayoisema, mama wa Lamu au wa Mombasa akiudhiwa na mtoto kupita kiasi, neno lake la mwisho, ambalo baada yake hana jingine, ni kwamba mtoto huyo hana haya. Waswahili hawakumtukana mtu kwa kuwa nayo. Walimtukana kwa kuikosa. Haya ndiyo impayo mtu subira ya kulipima neno kabla ya kulitamka, na kumwacha mwenziwe amalize usemi wake, na kutodai kujua asilolijua. Na hizo, kwa hakika, ndizo tabia za mwanachuoni tangu elimu ilipoanza kusomeshwa. Leo tunasimama madhabahuni tukiomba iondolewe. Je, ikisha kuondoka, atabaki mtu wa namna gani?

Mpwa wangu aliletwa huku kutoka Lamu miaka mitatu iliyopita, kwa ule utaratibu wa serikali wa kugawa nafasi za masomo, ambao humchukua mtoto aliyekulia kando ya bahari ukamweka katika nyanda hizi zilizoinuka mita zipatazo 2,100, katika baridi ambayo mwilini mwake haina hata jina. Juma la kwanza, katika chuo kimoja cha viungani mwa mji huu, alishinda chumbani kwa mkate na maji, si kwa kukosa pesa, bali kwa kuwa hakujua kama bwaloni mtu hulipa kwanza ndipo apange foleni, au hupanga foleni ndipo alipe, na ukutani hapakuwa na kibao wala karatasi ya kumwambia. Nilipompelekea blanketi la pili niliona mezani pake tiketi ya basi, na nyuma yake ameandika kwa hati ndogo maswali 11, kila moja na nambari yake: nani hutia muhuri fomu ya daktari, maktaba hufungwa saa ngapi, ukumbi wa mihadhara ni upi. Nikamuuliza mbona hakuwauliza wenziwe.

"Mjomba," akanijibu, "wale wote wanajuana."

Hawakuwa wakijuana. Walifika siku ileile aliyofika yeye, ila walikuwa wakisema kwa sauti. Basi nani mwenye kosa hapa, binti aliyetunga maswali 11, au wakubwa walioshindwa kubandika karatasi moja?

Najua nitarushiwa methali, kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hiyo ni ya kweli, walakini haikutaja sauti, wala haikusema swali liulizwe mbele ya kadamnasi. Swali lililoandikwa nyuma ya tiketi ni swali. Wapo hata wanaoniambia kwamba mwenye haya hatapata mchumba chuoni, na mzazi anayelipa karo kwa ajili hiyo sina la kumjibu.

Chuo Kikuu cha Moi, kilipoundwa kwa sheria mwaka 1984, kilianza na wanafunzi 83 waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika hesabu hiyo mnyamavu huonekana, na kiti chake kikiwa kitupu mwalimu hushtuka. Leo katika vyuo vyetu vya umma kumbi hufurika hata wengine wakasikiliza kutoka madirishani, na mhadhiri mmoja hasahihishi karatasi zile akazimaliza. Ndipo tunapoambiwa kwamba ugonjwa umo ndani ya mtoto. Tumejenga mahali ambapo asiyepiga kelele hasikiki, kisha tukamlaumu kwa kutopiga kelele.

Na kelele zenyewe zimekuwa biashara. Kuna semina za kujiamini zinazotoza ada, ambamo vijana huamrishwa kusimama juu ya viti na kujisifu, kama vile kelele za matatu za mji huu hazijatutosha. Kisha njoo uitazame kazi ya kikundi: wanafunzi 6 hupewa mada moja, mnyamavu akakesha maktabani, akasoma, akaandika, akapiga chapa, na asubuhi yule msemaji, ambaye kurasa zile hajazifungua, akasimama mbele akaziwasilisha na kupigiwa makofi. Mpwa wangu yamemfika hayo mara nne. Maksi zilikuwa sawa kwa wote 6.

Kwa wazazi mtakaofunga masanduku mwaka huu, nawasihi msimtume mtoto wenu na amri ya kuchangamka. Mwandikieni majina ya ofisi na nyakati za kufunguliwa, mtafutieni mwenyeji mmoja mwaminifu, basi. Na wewe mhubiri, ninakuomba umtafute binti yule wa sweta ya kijivu kabla hajasafiri, umtake radhi, tena faraghani, kwa sauti ya chini.