Betri ya Pili Ndani ya Gari

Wengi wetu wa Unguja hatujasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati njia ya umeme inayotoka Bara chini ya bahari na kupandia Fumba ilipoharibika. Mwaka 2008 tulikwisha kaa gizani karibu mwezi mzima. Waya mpya uliongezwa mwaka 2013, lakini umeme kukatika jioni, chakula kikiwa jikoni, bado tunakujua.

Ndiyo maana familia zenye gari hapa Mwanakwerekwe huuliza: je, alteneta ya gari haiwezi kutuchajia betri ya pili kwa ajili ya taa za usiku? Inaweza. Lakini betri ni ghali, na ikifa mapema ni ada ya mtoto imepotea. Kabla hujamlipa fundi, zingatia haya.

Kwanza, nunua betri inayofaa. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Ukiwashia taa usiku kucha itachoka upesi. Inayotakiwa ni ile tuiitayo betri ya sola, inayotoa nguvu kidogo kidogo kwa saa nyingi. Hata hiyo usiitumie zaidi ya nusu. Nusu ya betri ya ampea-saa 100 ni kama wati-saa 600, yaani taa nne za wati 5 kwa saa 30. Pasi usiijaribu.

Pili, betri zitenganishwe. Zikiungwa moja kwa moja, taa zitanyonya zote mbili, na asubuhi gari halitawaka huku watoto wanangoja kwenda skuli. Mwambie fundi aweke rilei ya kuziunganisha injini inapokwenda na kuzitenganisha inapozimwa. Waya uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na kila betri, kwani waya ukichubuka, moto unaweza kutoka upande wowote.

Tatu, mwendo mfupi haujazi betri. Kwenda Darajani na kurudi hakutoshi. Betri iliyotumika nusu huhitaji saa kadhaa, na sehemu ya mwisho ndiyo inayojaa polepole zaidi. Betri isiyojazwa kabisa kwa muda mrefu hushikwa na ukoko mgumu kwenye sahani zake za risasi, ikafa. Kwa hiyo, umeme ukiwapo, mara kwa mara ijazwe kwa chaja ya nyumbani. Kuwasha injini uani kwa ajili ya betri tu ni kuchoma mafuta bure, na moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Nne, angalieni usalama. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, basi isikae chumbani wala karibu na jiko. Ndani mna tindikali, watoto wasiiguse. Ikipungua, ongeza maji ya betri, si ya bomba.

Sasa kaeni na baba watoto mhesabu: gari letu hutembea saa ngapi kwa siku? Likiwa la abiria, linalozunguka tangu alfajiri, betri ya pili itawafaa. Likiwa la kupeleka watoto skuli na kurudi, fedha za rilei na waya ni afadhali zinunue paneli ndogo ya sola. Jua la Unguja halidai mafuta.