"Imekataa" si ripoti

Wasee wa Linux, leo nina maneno na nyinyi. Na mimi mwenyewe nikiwemo.

Kila wiki kwa magrupu yetu ya WhatsApp lazima mtu aandike, "Wadau, laptopu imekataa." Basi. Hakuna kingine. Imekataa nini? Kuwaka? Kushika waifai? Kutoa sauti? Mmoja anamwambia afute kila kitu aanze upya, mwingine anacheka, mwingine anamwambia arudi Windows. Kesho yake grupu imehamia mambo ya mpira, na yule msee bado ako na laptopu yake imekataa.

Maoni yangu ni haya: sisi vijana tunaotumia Linux huku tunajua kulalamika, kuripoti hatujui. Na hiyo inatugharimu.

Wacha nianze na aibu yangu. Naishi Kahawa Sukari. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaingia kwa video. Laptopu yangu ni ya ex-UK, nilinunua tauni elfu kumi na nane. Windows ilikuwa inatambaa kama konokono, nikaweka Linux na ikaamka kabisa. Nikajiona fundi.

Mwaka jana nikapata kazi ya kuhariri video ya ruracio, mteja ni mama mmoja wa Ruiru. Asubuhi nikamalizia mambo madogo, nikafunga laptopu bila kusevu, nikapanda mat. Nafika kwake, wazee wamekaa kwa sebule wanangoja kujiona. Nafungua laptopu: skrini nyeusi. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini picha hakuna. Ikabidi nishikilie batani mpaka izime kwa nguvu. Ilipowaka tena, kazi ya asubuhi ilikuwa imeenda. Mama akaniuliza, "Sasa kijana, hii ndiyo nimelipia?" Sikuwa na jibu. Alinilipa nusu iliyobaki, lakini harusi yenyewe alimpa mtu mwingine.

Usiku huo nilifanya kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya. Kwanza nikaingia kwa grupu nikaandika Linux ni takataka. Halafu nikaanza kunakili amri kutoka kila mahali na kuzibandika kwa terminali, zote zinaanza na `sudo`, nusu sijui zinafanya nini. Nikabadilisha draiva, nikabadilisha mipangilio ya usingizi, nikaondoa programu tatu. Saa tisa usiku tatizo bado liko, na sasa hata sauti imepotea. Ningejuaje ni gani kati ya yale yote iliyoua sauti?

Hapo ndipo somo la kwanza: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika umeona nini, ndio uende kwa kingine. Inachosha, najua. Lakini ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hata ikipona hujui ni nini kiliiponya, na ikirudi unaanza sufuri.

Siku mbili baadaye nikatulia, nikatuma ripoti kwa watu wanaotengeneza mfumo wenyewe. Niliandika kitu kama, "Laptopu yangu haiamki nikiifunga, tafadhali saidieni." Jibu likaja na maswali manne. Modeli gani? Kerneli toleo gani? Ilianza lini? Inatokea kila mara au mara zingine?

Mwanzo niliskia vibaya, nikaona kama wananizungusha vile tunazungushwa kwa maofisi. Halafu nikakumbuka fundi wa magari. Ukimpelekea gari umwambie "inalia", anakuuliza inalia ukikata kona ama ukishika breki, asubuhi ikiwa baridi ama siku nzima. Hakuringii. Hawezi kufungua gari lote akitafuta sauti ambayo haisikii. Na yule anayerekebisha Linux ako mbali zaidi, pengine Ujerumani ama Brazili, laptopu yako hajawahi hata kuiona.

Kwa hivyo nikaenda kutafuta majibu. Toleo la kerneli ni amri moja, `uname -r`. Kuona mfumo uliandika nini kabla haujazimwa, ni `journalctl -b -1`, inakupa kumbukumbu za safari iliyopita ya kuwasha mashine. Kisha nikajifunza kitu ambacho kilinishangaza: Linux nyingi ikisasisha kerneli, haitupi ile ya zamani mara moja. Unashikilia Shift ama unabonyeza Esc laptopu ikiwaka, menyu inatokea, unachagua kerneli ya zamani.

Nikafanya hesabu ya kawaida tu. Kerneli mpya: nilifunga na kufungua mara kumi, ikakataa kuamka mara saba. Kerneli ya zamani: mara kumi, ikaamka zote kumi. Nikatuma hizo namba, modeli, matoleo mawili, na zile kumbukumbu.

Manze, mazungumzo yalibadilika. Watu wawili wenye modeli kama yangu walisema hata wao wanaona hivyo hivyo. Mtaalamu mmoja akajua atafute wapi, kwa sababu sasa shida ilikuwa kati ya toleo moja na lingine, si kwa mfumo mzima. Mimi nikaendelea kufanya kazi na kerneli ya zamani. Baada ya kama miezi miwili marekebisho yakaja kwa apdeti ya kawaida. Na hakuna siku mtu aliniuliza kama nina digrii. Waliniuliza toleo la kerneli.

Najua kuna msee anasema, "Hiyo ni ya magwiji." Hapana. Mwezi wa tatu mwaka 2024, mhandisi mmoja anaitwa Andres Freund aliona kuingia kwa mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, na prosesa inafanya kazi kuliko kawaida. Alikuwa anatumia toleo la majaribio la Debian. Wengi wetu tungeng'aka tu kwamba mashine iko sloo leo. Yeye alifuata ile nusu sekunde mpaka akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali. Tarehe 29 Machi akaripoti hadharani, akataja na matoleo yenyewe: 5.6.0 na 5.6.1. Kama hangesema, mlango huo ungefika kwa seva nyingi sana duniani. Ni kweli yeye ni mtaalamu. Lakini kilichoanzisha yote ni kuona kitu si cha kawaida, na kukataa kukipuuza.

Tena si lazima iwe kitu kikubwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakatafuta neno la kila menyu. Leo ukifungua programu huru ukakuta Kiswahili kimekatika katikati ya menyu, ama neno linasema kitu tofauti kabisa, hiyo pia ni hitilafu. Iripoti. Mtaalamu wa Ujerumani hawezi kuiona. Wewe uliyekulia Githurai unaiona kwa sekunde moja.

Na hapo ndipo naona uzito wa hii stori. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tulizo nazo hazikubaliwi na Windows 11. Wengi wenu mtakuja Linux, mtake msitake. Mashine zetu ni za miaka kumi iliyopita, stima inapotea katikati ya kazi, intaneti ni ya simu. Mtu mwenye laptopu mpya na stima ya uhakika hatakutana na shida zetu. Tukinyamaza, watengenezaji watadhani kila kitu kiko sawa, na watarekebisha shida za wale wanaoongea.

Sitakudanganya eti kuripoti ni muujiza. Ripoti yangu ya pili, ya maikrofoni, ina miezi mitano haijajibiwa na mtu. Wengi wa hao watu wanajitolea, na kazi ni nyingi. Na wakati mwingine shida si ya Linux hata kidogo. Laptopu ya mtumba inaweza kuwa na RAM mbovu ama diski inayokufa. Ndiyo maana kabla ya kuripoti, washa mashine kutoka kwa flashi yenye Linux safi uone kama shida iko hata huko. Ikiwa iko, shuku vifaa ama kerneli. Ikiwa haiko, shuku mipangilio yako mwenyewe.

Kitu kingine: soma kumbukumbu kabla ya kuzituma. Zinaweza kuwa na jina lako, jina la waifai ya nyumbani, namba ya utambulisho (serial) ya kifaa. Futa hizo. Na usiogope bando, hayo ni maandishi matupu, video moja ya TikTok inakula data zaidi. Kiingereza nacho, kile chako cha kawaida kinatosha. Hakuna anayesahihisha insha.

Kwa hivyo wiki hii chagua shida moja tu ambayo umeizoea. Ile ya bluetuthi, ile ya skrini kuchezacheza, yoyote. Andika mistari minne: nilifanya nini, nilitarajia nini, kikatokea nini, na inatokea mara ngapi. Ongeza modeli na toleo. Kisha angalia kama kuna mwenye ameshairipoti. Kama yuko, ongeza namba zako kwa ripoti yake badala ya kufungua nyingine.

Ukikwama, nitumie hiyo mistari minne tuangalie pamoja, sina noma. Lakini ukinitumia "buda, imekataa", nitakuuliza tu: imekataa nini, tangu lini, na kerneli gani?