Damu Imekwisha Kutoa Ushahidi

Katika mipango ya afya, kifafa hutupwa mwishoni mwa orodha kwa hoja ambayo ni nadra kusemwa waziwazi: mgonjwa akianguka, huamka. Povu hufutwa, maisha huendelea. Hoja hiyo ni ya uongo, na siku hizi uongo wake unapimika maabara.

Seli ya neva inapoumia humwaga protini zake, na sehemu yake huingia katika damu. Ipo iitwayo NfL, itokayo katika nyuzi za ndani za neva. Ipo NSE, kimeng'enya cha neva zenyewe. Na ipo S100B, ya seli zinazozitunza neva. Kwa watu waliopatwa na kifafa mfululizo, yaani mshtuko usiokatika, protini hizi zimeonekana kupanda. Kwa wengi ambao kifafa chao kimetulizwa kwa dawa, mabadiliko ni madogo au hayaonekani kabisa. Tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe. Kinachojeruhi ubongo ni mshtuko ulioachwa uendelee.

Mwaka 2015 Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa liliweka mipaka miwili kwa mshtuko wa mwili mzima: ukizidi dakika 5, tiba ya dharura ianze, ukizidi dakika 30, unaweza kuleta madhara ya kudumu. Ndugu mtumishi wa umma, pima mwenyewe umbali wa kutoka kijiji chochote cha Ulanga hadi mahali penye sindano ya diazepamu, kwa bodaboda, wakati wa masika.

Nimeitaja Ulanga kwa sababu. Ni huko Mahenge ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa majirani waliogopa kuambukizwa na mate yao, hivyo hawakuthubutu kuwavuta kutoka jikoni. Aliwapa fenobabitali, na wengi walipata nafuu. Dawa hiyo ingali ipo. Shirika la Afya Duniani linasema gharama yake inaweza kuwa chini ya dola 5 kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila mishtuko wakitibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini takribani robo tatu hawapati tiba wanayohitaji.

Wapo watakaosema vipimo hivi ni anasa. Kwa zahanati, ni kweli, nami sivitetei huko. Chembe nyekundu zikipasuka kwenye sampuli, NSE hupanda kwa uongo. S100B hutoka pia katika mafuta ya mwili. NfL huongezeka kwa umri na kwa maradhi mengine mengi. Hakuna hata kimoja kinachotambua kifafa. Na ole wake mwajiri atakayetaka kuvitumia kumkataa mtu kazi! Lakini ushahidi hauhitaji kuletwa kila kijiji ili uwe ushahidi.

Lawama yangu nyingine ni kwetu sisi wa vyuo vikuu. Sampuli za damu ya mwanakijiji husafirishwa kwa barafu, zikahifadhiwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri bila kukosa umeme hata saa moja, ilhali kabati la dawa alikotoka ni tupu. Kamati za maadili ya utafiti zisiruhusu kuchomwa hata mshipa mmoja kabla mtafiti hajaonyesha dawa itatoka wapi, na nani ataendelea kuitoa mradi ukiisha.

Kuhusu serikali, karatasi ipo. Mwezi Mei 2022, Baraza la Afya Duniani, ambamo nchi zetu zote ni wanachama, lilipitisha mpango unaozitaka nchi kuongeza huduma za kifafa kwa asilimia 50 ifikapo 2031, zikilinganishwa na hali ya 2021. Basi kila halmashauri itoe leja ya fenobabitali ya 2021, iweke kando yake ya mwaka huu, na ibandike zote mbili kwenye ubao wa matangazo.