Bethdei ya udongo, na bibi aje

Jamani, siku hizi bethdei nyingi hapa London zinafanywa kwenye karakana za ufinyanzi. Aproni, udongo, picha kibao. Mimi napenda. Lakini mbona twaenda rika letu tu?

Nasema hivi: mkikata nafasi za watu wanane, mbili ziwe za mama, shangazi au bibi, na nyinyi mchange kuwalipia. Kwetu pwani ufinyanzi ni kazi ya wanawake, wanaojenga chungu kwa mikono bila gurudumu. Hata bibi asiyewahi kufinyanga, majina anayo: chungu cha kupikia, mtungi wa maji, chetezo cha udi. Sisi vyote tunaviita kwa neno moja la Kiingereza.

Tena huondoki na chombo siku hiyohiyo. Lazima kikauke, kichomwe kwa joto la nyuzi kama 1000, kipakwe rangi, kichomwe tena. Kwa hiyo mtarudi kukichukua, na njiani mtaongea tena.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Ukipanga ya mwezi ujao, mpigie bibi kabla hujalipa.