Kiangazi Hakingoji Kesi

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja ambalo sitalitaja, mtaa wa New Congo hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mhubiri alitusema hadharani. Kosa letu ni kwamba Jumamosi tulionekana ufukweni mwa Ziwa Nakivale, tunakula samaki na kucheka. Akafungua Zaburi ya 137, akatukumbusha Waisraeli waliokaa kando ya mito ya Babeli wakalia na kutundika vinubi vyao, kisha akauliza mateka gani huyu anayekwenda kutembea wikendi. Kanisa zima likaitikia amina, hata mama aliyetuuzia hao samaki.

Laiti ingekuwa ni fikra ya mhubiri peke yake, ningenyamaza. Lakini zunguka kanda zote za makazi, nenda Juru, nenda Rubondo, kaa kwenye kibanda chochote cha chai pale Base Camp, utaisikia: Nakivale ni stendi ya basi. Stendini mtu hapangi maua, hafungui begi, hamzoei jirani. Maisha yataanza siku ndege ya kutuhamishia Ulaya au Marekani itakaporuka, na kabla ya siku hiyo kufurahi ni kama kuwasaliti waliobaki kwetu Kivu, Kongo. Mimi nasema bila kupaka mafuta: huo ni upuuzi, na umewala watu wengi miaka yao.

Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, wakati Uganda yenyewe bado haijapata uhuru. Wakaja Wanyarwanda, wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia, tukaja na sisi Wakongomani. Stendi gani hii ya zaidi ya miaka sitini? Imezaa, imezika, ikazaa tena. Kuna babu hapa aliyefika akiwa amebebwa mgongoni, na bado anaambiwa avumilie, maisha yanakuja.

Halafu ikaja Januari 2025. Trump aliingia ofisini tarehe 20, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tarehe za safari wakaambiwa basi. Hapa kwetu wapo waliokuwa wameshauza godoro na sufuria, wakarudi kulala kwenye mkeka. Nawahurumia kwa moyo wote. Lakini nauliza: zile Jumamosi zote walizojinyima wakingoja simu, nani atawarudishia? Hakuna ofisi ya kudai Jumamosi zilizopotea. Siku ya kungoja inahesabiwa kwenye umri wako sawasawa na siku ya harusi.

Na mhubiri wetu, kama anaipenda Babeli kiasi hicho, angefungua pia Yeremia sura ya 29. Mateka walewale, Babeli ileile, wanaandikiwa barua kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, waoze watoto wao. Barua nzima hiyo hakuna mahali walipokatazwa kula samaki.

Sasa msikilize jirani yangu. Yeye hana neno na Biblia, anaogopa picha. Anasema wanaoshughulikia kesi zetu za kuhamishiwa ng'ambo wakiona picha yako unacheka kando ya maji, watajua umeshaizoea Uganda, watafunga faili. Kwa hiyo simu ikiinuliwa tu, anakunja uso mpaka mpiga picha anamwuliza kama jino linamsumbua. Ndugu yangu, kama huzuni ingekuwa inaleta ndege, Nakivale nzima ingekuwa imeshahamia Chicago.

Wengine wanasema hakuna pesa. Najua. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliwakatia mgao wa chakula wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda, na sisi tumo. Lakini ziwa halina tiketi. Kutoka Base Camp unafika kwa miguu, na bugali unajibebea. Tena huyohuyo asiye na nauli ya Mbarara ndiye mwenye pesa ya kumpa dalali wa kesi, yule anayedai ana mtu wake ndani. Madalali hao wanajenga nyumba za matofali kwa machozi yetu, na wiki iliyopita mmoja wao alikuwa mbele yangu kanisani, anaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Twende kwenye raha yenyewe. Juni mpaka Agosti hapa wilayani Isingiro mvua inakatika, asubuhi kuna ubaridi wa kuvalia sweta, mchana anga linakuwa jeupe na vumbi la barabara linakaa kwenye majani ya ndizi. Ufukweni mitumbwi inaingia asubuhi. Mama mmoja wa kutoka Uvira anachagua tilapia aliye hai bado, anamtoa magamba kwa mgongo wa kisu, anamchanja mbavuni mara tatu kila upande, anasukumia chumvi na ndimu ndani ya michano, kisha anamteremsha kwenye mafuta yanayochemka juu ya mafiga. Atakwambia kwamba si mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, na anasema kweli. Lakini ngozi inakauka na kulia chini ya meno, na watoto wanagombania kichwa. Onyo moja tu: usiingie kuoga, viboko wapo na hawajali una kadi gani.

Mwaka 2006 Uganda ilitunga Sheria ya Wakimbizi inayotupa haki ya kutembea nchini. Mwaka huohuo ardhi oevu ya Mburo na Nakivale ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya maeneo oevu ya thamani. Maana yake ni kwamba mzungu anashuka Entebbe, analipa dola kuingia Hifadhi ya Ziwa Mburo, anapanda boti kuangalia ndege na viboko, na maji yale ni ndugu wa maji yetu; Mto Rwizi unaoukata mji wa Mbarara ndio unaoyalisha yote. Yeye akiangalia ni mtalii. Sisi tukiangalia tumemsahau Mungu.

Na ukipata nauli, panda gari la Mbarara, kama kilomita 60 hivi, halafu ushike barabara ya Masaka. Biharwe wana mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, siku ambayo, kwa simulizi za Ankole, Mfalme Olimi wa Bunyoro aliingiwa na hofu, akawaacha ng'ombe aliowateka na kutimua mbio. Kukimbia hakukuanza na sisi. Endelea mpaka Sanga, kaa upande wa dirisha: pundamilia wanakula majani pamoja na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, nje kabisa ya hifadhi, bure.

Wanaolipwa kutushughulikia hawana shida hii ya kulaumiwa wakistarehe. Semina zao kuhusu ustawi wetu wanazifanyia kwenye hoteli za Mbarara zenye bwawa la kuogelea, na sijawahi kusikia mhubiri anawasomea Zaburi. Sisi tunaletewa fulana.

Kwa hiyo Jumamosi hii tunakwenda tena, na watoto wote wa mtaa wetu watakuja. Wengi wamezaliwa hapa. Bukavu wanaijua kwa hadithi na Marekani kwa video. Mahali wanapopajua kwa miguu yao ni hapa, na nitaona aibu wakikua bila kujua kwamba pana ziwa. Anayetaka kubaki nyumbani akiitazama simu isiyoita, abaki salama. Jumatatu tu asije kutuuliza mbona tumenenepa.